Baridi Inayookoa Ubongo wa Mtoto Mchanga

Mtoto anapokosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo wake hauumii mara moja tu. Akishaanza kupumua, seli nyingi huonekana kupata nafuu, kisha saa kadhaa baadaye huanza kufa kwa wingi. Muda huo wa katikati ndio nafasi pekee ya daktari.

Kinachovurugika ni mawasiliano ya seli. Seli iliyoishiwa nguvu humwaga glutamati, kemikali inayopeleka ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine. Ikizidi, huiacha milango ya seli jirani wazi, na kalsiamu huingia kama mafuriko. Kalsiamu hiyo huamsha vimeng'enya vinavyobomoa seli, huku mitokondria zikitoa ishara za kuiamuru ijiue. Kupoza mwili hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, kukianza ndani ya saa 6 tangu kuzaliwa, hupunguza njaa ya nishati, hubana glutamati na kudhoofisha amri ile ya kifo.

Jaribio la TOBY, lililoongozwa kutoka Uingereza na kuchapishwa 2009, lilionyesha kuwa waliopozwa walinusurika zaidi bila ulemavu wa neva.

Lakini mwaka 2021 jaribio la HELIX, lililofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, lilikuta vifo vingi zaidi miongoni mwa waliopozwa. Inasikitisha, kwa kuwa nchi za kipato cha chini na cha kati ndizo zenye watoto wengi wanaohitaji msaada huo. Hospitali ya Afrika Mashariki inayofikiria kununua mashine za kupoza watoto haina budi kuyasoma matokeo hayo kwanza.