Panya Anayekimbia Usingizini

Panya wa hadithi hii hana jina. Yuko maabara huko Marekani, na kazi yake ni kukimbia kwenye njia yenye umbo la 8, akipata kitafunwa, kisha akianza upya. Ubongoni mwake zimepachikwa nyaya nyembamba mno, na seli ya neva ikipiga, spika hulia: ta! ta-ta!

Ubongo una sehemu iitwayo hipokampasi. Hata wewe unazo mbili, ndani kabisa, usawa wa masikio. Seli zake zimegawana mahali: hii hupiga panya akiwa konani, ile akifika penye chakula. Mtafiti John O'Keefe wa London alizigundua mwaka 1971. Ukizisikiliza tu, utajua panya yuko wapi bila kumtazama.

Basi panya akachoka, akajikunja, akalala. Mngedhani kimya, wanangu? Wapi! Seli zilezile zikaanza tena, kwa mpangilio uleule: kona, kona, chakula. Ila upesi, mbio nzima kufumba na kufumbua.

Mwaka 2007 watafiti Daoyun Ji na Matthew Wilson walisikiliza sehemu mbili za ubongo wa panya kwa pamoja: hipokampasi, na sehemu ya kuonea iliyo kisogoni. Zote zilikuwa zikirudia mbio zilezile, kwa wakati mmoja. Hapo mimi hubaki mdomo wazi. Macho yamefumbwa, na sehemu ya kuonea bado inapitia kona!

Zinapatanaje? Kwa mapigo. Gamba la nje la ubongo, ambamo imo ile sehemu ya kuonea, huamka na kutulia polepole, hata pigo moja kwa sekunde halifiki: hilo ndilo vumi, ngoma nzito. Thalamasi iliyo katikati huitikia kwa chapuo, ngoma ndogo, mapigo kama 12 hadi 15 kwa sekunde. Hipokampasi nayo huchomeka mchachariko wake humo ndani, zaidi ya mapigo 100 kwa sekunde. Yanapoingiana hivyo, wanasayansi wanaamini, ndipo habari za mchana huhamia gamba la nje zikae.

Na yakivurugwa? Watafiti wa Paris walijaribu, 2009. Kila hipokampasi ya panya aliyelala ilipoanza mchachariko, mashine ilirusha umeme kidogo, na mchachariko ukakatika. Panya wengine walipewa umeme uleule, lakini mchachariko ukishapita. Usingizi wao haukutofautiana. Ila kwenye njia nyingine yenye vijia 8, walipotakiwa kukumbuka ni vipi 3 vyenye chakula, wale waliokatizwa walikosea zaidi.