Bwawa la Mtera: Mambo ya Kupanga Kabla ya Safari

Bwawa la Mtera halikujengwa kwa ajili ya matembezi. Lilijengwa katika Mto Ruaha Mkuu ili maji ya mvua yahifadhiwe na kuzalisha umeme wakati wa kiangazi, kwanza katika mitambo ya Kidatu, mbali upande wa chini wa mto, na tangu mwaka 1988 katika mitambo ya Mtera yenyewe, yenye uwezo wa megawati 80. Maji yaleyale yakishapita Mtera huendelea hadi Kidatu na kuzungusha mitambo ya megawati 204. Mwananchi anayekusudia kupeleka familia au wanafunzi huko hana budi kulizingatia hilo, kwa kuwa ndilo linaloamua ziwa litakuwa na sura gani siku atakayofika.

Bwawa likijaa, kina chake hufikia mita 698.5 kutoka usawa wa bahari; likishuka hadi mita 690, uzalishaji husimama, kama ilivyotokea Oktoba 2015. Tofauti ya mita nane na nusu yaonekana ndogo. Hata hivyo, ziwa limetanda juu ya ardhi tambarare, na kila mita inayopungua huusogeza ufuko mbali sana. Anayependa kuona maji mengi afike baada ya mvua kukoma, kati ya Mei na Julai. Atakayefika Novemba ajiandae kukuta tope lililokauka juu na kulainika chini, linalonasa gari na mtu pia.

Hatari kubwa zaidi, na isiyozungumzwa vya kutosha, iko chini ya ukingo. Bwawa likikaribia kujaa, milango hufunguliwa na maji hushuka mtoni kwa nguvu. Mvua inayolijaza bwawa hunyesha kwa sehemu kubwa nyanda za Mbeya, Iringa na Singida, wala si Mtera, ambako ni kukavu. Kwa hiyo mbingu inaweza kuwa nyeupe kabisa huku mto ukiongezeka. Kuoga, kufua au kupumzisha watoto juu ya miamba iliyo chini ya bwawa ni jambo lisilofaa kamwe. Upande wa juu nako kuna mamba na viboko. Utulivu wa maji usimdanganye mtu.

Barabara ya lami ya Iringa hadi Dodoma hupita juu ya bwawa lenyewe, na wasafiri wengi hutamani kusimama wapige picha. Bwawa ni miundombinu ya taifa inayolindwa: gari lipite bila kusimama, na picha zipigwe pale tu walinzi waliporuhusu. Shule inayotaka kuona mitambo iiandikie TANESCO mapema, ikitaja idadi ya wanafunzi na walimu watakaoongozana nao. Kwenda getini bila barua ni kupoteza nauli.

Wanaotaka kupanda mtumbwi wadai jaketi okozi kabla ya kulipa. Ndani ya ziwa vimesalia visiki na miti mikavu iliyomezwa na maji. Ndege huipenda, lakini mtumbwi ukiigonga hupinduka. Perege na kambale wabichi hupatikana asubuhi wavuvi wanaporejea. Kwa safari ndefu, wakavu huvumilia joto zaidi.