Kitabu Kilichorudishwa kwa Wenyewe

Katika mwaka 1975, mjini Dakar, watu waliokwenda kuitazama filamu ya Ousmane Sembène iitwayo "Xala" waligawiwa karatasi yenye maandishi. Karatasi hiyo haikuwa tangazo la sabuni wala la mchezo wa juma lijalo. Ilieleza sehemu zilizokatwa. Wakaguzi wa serikali ya Senegal walikuwa wameondoa vipande vipatavyo kumi kabla ya kuiruhusu filamu ionyeshwe, naye mtengenezaji, badala ya kunung'unika nyumbani kwake, aliwaandikia watazamaji yale ambayo macho yao yalinyimwa.

Leo twataka kuzungumza juu ya hukumu tatu zilizotolewa juu ya kazi hiyo: hukumu ya watawala, hukumu ya wataalamu, na hukumu ya watazamaji wenyewe. Twafanya hivyo kwa sababu kila mara riwaya inapogeuzwa kuwa filamu, watu huuliza neno moja tu: je, filamu imekifuata kitabu? Sisi twaona swali hilo ni dogo. Swali kubwa ni hili: kitabu kiliandikwa juu ya nani, na je, huyo aliyeandikwa amepata kukisikia?

Sembène hakulelewa katika nyumba ya wasomi. Alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mtoto wa mvuvi. Alikuwa askari katika Vita Kuu ya Pili, kisha akawa kuli wa bandari katika Marseille, Ufaransa, akajiunga na chama cha wafanyakazi, na kwa juhudi yake mwenyewe akajisomea. Mwaka 1956 alitoa riwaya yake ya kwanza, juu ya kuli Mwafrika wa bandari hiyo, na mwaka 1960 akatoa nyingine juu ya mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger. Vitabu hivyo vilimpatia sifa. Lakini viliandikwa kwa Kifaransa, na wale walioandikwa humo, yaani kuli, fundi wa reli na mama wa sokoni, wengi wao hawakuweza kukisoma Kifaransa. Sifa ya namna hiyo haikumtosha. Akiwa amekaribia umri wa miaka arobaini alikwenda Moscow kujifunza kazi ya filamu, na tangu hapo alizoea kuifananisha sinema na shule ya usiku, ambamo hata asiyejua kusoma hupata nafasi ya kukaa.

"Xala" ilitoka kama riwaya mwaka 1973, pia kwa Kifaransa. Neno lenyewe ni la Kiwolof, na maana yake ni ugonjwa wa mwanamume aliyerogwa hata akashindwa kutimiza haki ya unyumba. Mwenye kupatwa na maradhi hayo ni El Hadji Abdou Kader Beye. Zamani alikuwa mwalimu, akafukuzwa kazi na wakoloni kwa ajili ya harakati zake katika chama cha wafanyakazi. Uhuru ulipokuja, akawa mfanyabiashara mkubwa. Sasa aoa mke wa tatu, msichana aliye rika la binti yake, na usiku wa harusi nguvu zamtoka. Ahangaika kwa waganga, fedha zamwishia, na mganga aliyemponya alipwa kwa hundi isiyokuwa na fedha benki, basi ugonjwa wamrudia. Wenziwe wa Chama cha Wafanyabiashara, ambao nao wana madhambi yayo hayo, wamfukuza. Mwishowe aonekana aliyemroga: ni ombaomba kipofu ambaye kila siku alikuwa akiimba nje ya ofisi yake, jamaa wa ukoo wake, ambaye ardhi yake ilichukuliwa kwa hila na mwenyewe akatiwa kifungoni. Dawa iliyobaki ni moja: tajiri avue nguo, asimame, na masikini wote wamtemee mate.

Katika kukigeuza kitabu chake kuwa filamu, Sembène alipunguza hiki na kuongeza kile. Kitabu chatuingiza moyoni mwa mke mkubwa, mzaliwa wa kisiwa cha Gorée, aliyekuwa Mkristo akasilimu ili aolewe. Filamu yamwonyesha zaidi kwa kimya chake. Hiyo ni hasara, na hatuna haja ya kuificha. Lakini tazameni yaliyoongezwa. Riwaya yaanza wakati wafanyabiashara wamekwisha kukikalia kiti. Filamu yaanza siku ile ya kukitwaa: Wazungu watolewa nje pamoja na sanamu zao, ngoma zalia, wananchi washangilia. Kisha Wazungu wale wale warudi kwa mlango huo huo wakiwa na mikoba, na ndani ya mikoba mna fedha. Hakuna hotuba iliyosemwa hapo, wala haikuhitajika.

Katika filamu, dereva amwaga maji ya chupa yaliyoletwa kutoka Ufaransa katika injini ya Mercedes, na binti wa tajiri, mwanafunzi wa chuo kikuu, akaribishwa maji hayo akakataa kuyanywa. Tena El Hadji, siku ya kufukuzwa kwake, aomba ajitetee kwa Kiwolof, na wenziwe wamkatalia: hata matusi sharti yatolewe kwa Kifaransa safi. Kijana mmoja aonekana akiuza gazeti la Kiwolof liitwalo "Kaddu". Gazeti hilo halikuwa la kubuni. Sembène mwenyewe alishiriki kulianzisha mwaka 1971, na sisi tunaoandika kwa lugha ya wananchi twaielewa vyema maana ya kijana yule.

Sasa tuje kwenye hukumu. Ya kwanza ni ya watawala. Shirika la sinema la serikali lilikuwa limeshiriki katika kuigharimia filamu hii, kisha serikali iyo hiyo ikaipitishia mkasi. Yaliyosemwa na filamu ni kwamba walioingia katika viti vya wakoloni huogopa kuonekana walivyo. Jibu walilolitoa kwa mkasi halikuikanusha kauli hiyo, bali liliithibitisha. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hukumu ya pili ni ya wataalamu, na hao wameandika mengi. Teshome Gabriel, mwalimu wa sinema aliyezaliwa Ethiopia, aliifananisha filamu hii na ushairi wa kwao wa nta na dhahabu, ambamo maana ya juu huyeyuka ikaacha ya thamani chini yake. Laura Mulvey wa Uingereza alivichungua vitu vya anasa vya El Hadji, akaviona kuwa gamba linaloficha utupu wa mwenye kulivaa. Mwamerika Fredric Jameson, mwaka 1986, aliitumia riwaya hii kuonyesha kwamba hadithi za nchi zilizotawaliwa huwa fumbo la taifa zima. Na mwaka uliofuata Aijaz Ahmad alimjibu kwamba haifai kuvitia vitabu vya mabara matatu katika gunia moja.

Mabishano hayo yana faida, nasi hatuyadharau. Ila twaona kuna jambo ambalo neno "fumbo" laweza kulifunika. Kwa msomi, ugonjwa wa El Hadji ni mfano wa tabaka lisiloweza kuzaa kitu. Ni kweli. Lakini kwa kipofu yule hakuna mfano wowote. Ardhi yake ilichukuliwa, na kifungo alikitumikia. Mchele uliokuwa wa watu waliopatwa na ukame uliuzwa ili kulipia harusi ya tajiri, na aliyekosa mchele huo hakulala na njaa ya kimfano.

Hukumu ya tatu ni ya watazamaji. Hao waliisikia lugha yao ikisemwa katika filamu juu ya mambo ya mji wao, na wasiojua Kifaransa hawakuhitaji kusomewa na mtu. Mchezo huu unachekesha sana, kwani nani asiyemcheka bwana mkubwa aliyeshindwa usiku wa harusi? Hata hivyo hapa yafaa tujihadhari. Kicheko ni kitu chepesi; mtu aweza kumcheka El Hadji, akatoka nje, akaenda zake kumtamani Mercedes yule yule. Twaamini kwamba mtengenezaji aliijua hatari hiyo, na ndiyo maana mwisho wake hauchekeshi. Riwaya yamalizikia nje ya nyumba, askari wakiwa wameinua silaha zao tayari, na msomaji aona wazi dola iko upande wa nani. Filamu yatufungia ndani pamoja na masikini na tajiri wao; mate yamwagika, na picha yasimama pale pale. Mwenye kutazama hana mahali pa kugeuzia uso.

Tena kuna jambo ambalo mwenye kucheka haraka aweza kulipita. El Hadji aanguka, lakini kiti chake hakibaki wazi hata siku moja. Katika filamu anayekikalia ni mwizi aliyemwibia mkulima fedha zilizochangwa na kijiji kizima kwa ajili ya chakula wakati wa ukame. Sasa amevaa suti, na wajumbe wampigia makofi. Aibu ya mtu mmoja haikuyatengeneza mambo ya wengi. Asemaye kwamba dawa ni kumtemea mate mtu mmoja tu hakuitazama filamu hadi mwisho.

Basi sisi twatoa hukumu yetu. Filamu hii ilikipunguza kitabu mahali pamoja, ikakiongeza mahali pengi, lakini jambo kubwa lililofanyika ni kwamba ilikirudisha kwa wenyewe. Sembène alifariki Dakar mwaka 2007, na mkasi uliokata filamu yake umekwisha kusahauliwa na walioushika; lakini waandishi waendelea kuieleza habari ya zile karatasi. Sisi wanachama na wafanyakazi tusiitazame "Xala" kama habari za Dakar tu. Nyani haoni kundule, nasi tusiwe kama yeye. Pale mwalimu aliyekuwa mtetezi wa wafanyakazi anapouza mchele wa wenye njaa, kila mwenye dhamana, awe katika tawi, katika ushirika au kiwandani, hana budi kujiuliza ni lini alipoanza safari hiyo. El Hadji hakuianza siku ya harusi. Aliianza siku alipoichukua ardhi ya ndugu yake, akadhani kipofu hatamwona.