Jina la shushushu: nani awajibike linapoanikwa? (Sehemu ya Pili)

Neno shushushu ni miongoni mwa maneno machache ya mtaani yanayovuka mpaka wa Tunduma bila kubadilika, kwani maana yake Dar es Salaam ndiyo maana yake Nchelenge na Mwansabombwe nchini Zambia, yaani mtu wa usalama anayefanya kazi bila kujitambulisha, ingawa Wazambia humwita pia mtu wa OP, wakiifupisha Ofisi ya Rais, na Watanzania hupenda kusema mtu wa kitengo. Kisheria, hata hivyo, si kila mtu wa usalama ni afisa wa kificho. Mkurugenzi wa idara ya usalama huteuliwa hadharani na jina lake hutangazwa redioni, wakati afisa wa kificho ni yule ambaye uhusiano wake na serikali ndio siri yenyewe, na kificho chake ni ile kazi ya nje, ya biashara, ya ualimu au ya ubalozi, inayowafanya watu wasiulize anafanya nini mahali alipo.

Uzito wa siri hiyo huonekana vizuri zaidi ukitazamwa kwa karibu. Achukuliwe, kwa mfano tu, mchuuzi wa chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru wanaoanikwa mchangani Kashikishi, ambaye huvuka kwa boti kwenda Kilwa upande wa Kongo, akanunua, akabishana bei, akalala nyumba ileile kila safari, na huku anakusanya habari za magendo na za watu wenye silaha. Siku jina lake likitajwa, yeye mwenyewe huenda akapakiwa garini usiku akaamkia Lusaka, lakini mwenye boti aliyekuwa akimvusha, mama aliyempangisha chumba na karani wa forodha aliyekuwa akinywa naye chai hawana gari wala Lusaka ya kukimbilia, na pengine hakuna hata mmoja wao aliyejua alikuwa akiishi na nani. Ndiyo sababu sheria za nchi nyingi huhesabu kumtaja afisa wa kificho kuwa kosa la jinai.

Marekani ilitunga sheria mahususi ya jambo hili mwaka 1982, baada ya mkuu wa kituo cha shirika lake la ujasusi, CIA, jijini Athens, Richard Welch, kuuawa kwa risasi Desemba 1975 wakati jina lake lilikuwa limekwisha kuchapishwa, ingawa hata leo wapo wanaobisha kwamba wauaji walilihitaji gazeti ili wamjue. Inafaa kukumbuka kwamba mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa sheria hiyo, mwaka 1985, hakuwa mwanasiasa wala mwandishi, bali karani wa shirika hilo aliyefanya kazi Accra, Ghana, na kumpa mpenzi wake majina ya watu waliokuwa wakilitumikia.

Wakubwa walipoingia katika kosa lilelile, mambo yalikwenda vingine. Joseph Wilson, mwanadiplomasia aliyewahi kufanya kazi katika ubalozi wa Marekani mjini Bujumbura katika miaka ya 1980 na baadaye akawa balozi nchini Gabon, alitumwa Niger Februari 2002 kuchunguza madai kwamba Iraki ilikuwa ikitafuta urani huko, akarudi na jibu kwamba hakuona ushahidi. Vita vya Iraki vilipokwisha kuanza, tarehe 6 Julai 2003 aliandika gazetini kwamba serikali ya George W. Bush ilikuwa imepotosha taarifa, na siku 8 baadaye mwandishi Robert Novak akachapisha kwamba mke wa Wilson, Valerie Plame, alikuwa mtumishi wa CIA. Uchunguzi ulionyesha kuwa Novak alilipata jambo hilo kwa Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje, na kuthibitishiwa na Karl Rove, mshauri wa Rais. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kulitaja jina. Aliyetiwa hatiani, Machi 2007, ni Lewis Libby, mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais, na kosa lake lilikuwa kusema uongo na kuzuia haki wakati wa uchunguzi. Alihukumiwa kifungo cha miezi 30, Rais Bush akakifuta kabla hakijaanza, na mwaka 2018 Rais Donald Trump akamsamehe kabisa. Mwandishi Judith Miller, ambaye hakuwa ameandika hata habari moja iliyomtaja Plame, alikaa jela siku 85 kwa kukataa kumtaja aliyezungumza naye.

Ugumu uliomo hapa si wa Marekani peke yake. Ili mtu ahukumiwe kwa kumwanika afisa, upande wa mashtaka sharti uthibitishe mbele ya hakimu kwamba aliyeanikwa ni afisa kweli, na serikali inayofanya hivyo imemalizia kwa mhuri wake kazi aliyoianza mshtakiwa. Kwa hiyo serikali nyingi huliepuka kosa lenyewe na kutafuta jingine la pembeni, ama uongo mbele ya wachunguzi, ama uchochezi, ama ujasusi. Zambia ina Sheria ya Usalama wa Dola ya 1969, ambayo ni pana kiasi cha kumeza karibu kila karatasi ya serikali, na Machi 1999 waandishi wa gazeti la The Post walikamatwa na kufunguliwa mashtaka ya ujasusi kwa habari iliyolinganisha nguvu za jeshi la Zambia na za Angola. Mhariri wao, Fred M'membe, aliachiwa na mahakama Desemba 2000. Ofisa aliyeitoa habari, kama alikuwepo, hakuonekana kizimbani. Ni tabia ya sheria za siri kumkamata kwanza aliye karibu na mkono, na aliye karibu huwa ni mwenye kalamu.

Kisa cha Afrika Mashariki kinachokaribia zaidi suala hili ni cha Dar es Salaam, na kinastahili kusimuliwa kwa utaratibu. Katikati ya mwaka 2012 madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo, na kiongozi wao, Dkt. Steven Ulimboka, alitekwa usiku wa Juni 26, akaokotwa kesho yake katika msitu wa Mabwepande akiwa amepigwa vibaya na kung'olewa meno, kisha akapelekwa Afrika Kusini kwa matibabu. Rais Jakaya Kikwete alikana kwamba serikali ilihusika. Polisi walimtangaza raia mmoja wa Kenya kuwa mtuhumiwa, wakisema alikwenda kanisani kutubu; mashtaka hayo yalifutwa mwaka uliofuata, na mtu huyo akaadhibiwa kwa kuwadanganya polisi. Katikati ya hayo gazeti la kila wiki la MwanaHalisi lilichapisha habari zilizomhusisha na utekaji huo mtu liliyedai ni afisa wa usalama, likamtaja kwa jina, ambalo hakuna haja ya kulirudia hapa. Tarehe 30 Julai 2012 serikali ililifungia gazeti kwa muda usiojulikana, kwa kutumia Sheria ya Magazeti ya 1976 na kwa sababu ya uchochezi.

Msomaji ataona kwamba serikali haikukimbilia Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya 1996, ijapokuwa humo ndimo lilimo katazo la kufichua utambulisho wa maafisa. Yamkini ni kwa ule ugumu uliokwisha kuelezwa. Lakini sheria hiyo ilikuwa na upanga wa pili, ambao ulizungumzwa mara chache. Kifungu chake cha 5, kama kilivyokuwa mwaka 2012, kilitamka kwamba si kazi ya Idara kutekeleza hatua za usalama, yaani kukamata na kutumia nguvu, wala kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano au upinzani ulio halali. Idara ya Tanzania, kwa maandishi ya Bunge lake wakati huo, ilikuwa ya macho na masikio, haikupewa mikono. Ikiwa basi afisa anadaiwa kuonekana palipopigwa mtu, swali la kwanza si nani amelitaja jina lake bali alikuwa akifanya kazi gani hapo, kwa kuwa kificho kilitungwa kilinde kazi iliyoandikwa katika sheria, na lililo nje ya kazi hiyo halina kificho, hata likitendwa na mwenye kitambulisho cha Idara.

Hapo ndipo visa viwili vinapoachana. Washington, jina lilitoka kwa watu waliokabidhiwa siri kwa sababu ya vyeo vyao, na tuhuma iliyowaandama ni kwamba walilitoa ili kumkomoa mkosoaji. Dar es Salaam, lilitoka kwa gazeti ambalo halikukabidhiwa siri ya mtu, likitafuta aliyemjeruhi raia. Mwanasiasa anapoapishwa hupokea siri kama amana, na amana ikitumiwa kumaliza ugomvi wa kisiasa, anayedaiwa ni yeye na aliyemteua, mbele ya Bunge kabla ya mahakama, hata pale ambapo shtaka la jinai haliwezi kusimama. Mwandishi naye anaweza kukosea, na akimsingizia mtu asiyehusika yapo madai ya kashfa yanayomngoja, ambayo mwenye jina anaweza kuyafungua mwenyewe. Kulifunga gazeti zima kwa amri ya serikali ni njia ya tatu, ambayo haimtaki mtu yeyote athibitishe chochote.

MwanaHalisi lilikaa kifungoni zaidi ya miaka 3. Septemba 2015 Mahakama Kuu ilitamka kwamba amri ya kulifungia haikuwa halali. Kilichokuwa mbele ya jaji, hata hivyo, kilikuwa amri ile na gazeti lile. Aliyetajwa, kama ni afisa kweli, na kama alihusika na yaliyotokea usiku ule wa Juni, hakuwa sehemu ya kesi.