Kibanio cha Seremala: Heri Kilichofuliwa

Mti hauendi ila kwa nyenzo, walinena wahenga. Seremala ana mikono miwili, nayo kazi yake yahitaji mitatu: mmoja ushike patasi, wa pili upige nyundo, na wa tatu uuzuie ubao usicheze. Mkono huo wa tatu ndio kibanio. Fundi asiye nacho huukanyaga ubao kwa mguu, au humwita mwanafunzi auzuie kwa vidole vyake. Na siku patasi inapoteleza, mwanafunzi huyo ndiye aumiaye. Kwa hiyo, kuchagua kibanio imara si jambo la kupamba karakana. Ni jambo la usalama wa watu na la riziki ya fundi.

Kibanio kinachoelezwa hapa si jiliwa, wala si kile cha parafujo kinachokazwa kwa kuzungushwa. Ni fimbo ya chuma iliyopindwa mfano wa kulabu, yenye mguu mrefu na mkono ulioinama, ambao ncha yake imetandazwa kama kiganja. Mguu hutumbukizwa katika tundu la meza ya kazi, kiganja kikalala juu ya ubao. Pigo moja la nyundo juu ya bega lake, na ubao umeshikwa barabara. Pigo jingine nyuma ya mguu, na ubao umeachiliwa.

Chombo hiki ni cha kale sana. Katika mji wa Herculaneum, nchini Italia, uliofukiwa na volkeno ya Vesuvio mwaka 79, ulipatikana mchoro wa ukutani unaoonyesha watoto wenye mabawa wakifanya useremala, na mezani pao kimo kibanio cha namna hii. Fundi Mfaransa André Jacob Roubo naye alikieleza katika kitabu chake kikubwa cha useremala, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1769. Umbo halikubadilika sana tangu zama hizo. Kilichobadilika ni chuma, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho.

SIRI YA KUKAMATA

Wengi hudhani kwamba kibanio hushika kwa uzito wake. Sivyo. Tundu la meza ni pana kidogo kuliko mguu. Kibanio kinapopigwa, mguu hulala upande, ukajikaza juu kwenye ukuta mmoja wa tundu na chini kwenye ukuta wa pili. Wakati huohuo mguu na mkono hupindika kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni. Chuma hicho hutaka kurudi katika umbo lake la kwanza, na nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo inayoubana ubao.

Basi sifa ya kwanza ya kibanio si unene wala mng'aro. Ni uwezo wa kupindika na kurudi, pigo baada ya pigo, miaka nenda miaka rudi.

CHUMA KIPI KINAFAA?

Chuma cha kusubu cha kawaida, yaani kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu, kina kaboni nyingi, kadiri ya asilimia 2.5 hadi 4. Sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa ndani yake mfano wa magamba membamba, na kila gamba laweza kuwa mwanzo wa ufa. Chuma hicho hustahimili sana kukandamizwa, lakini hakistahimili kupindwa. Hakitoi onyo, huvunjika ghafla, aghalabu begani, pale nyundo inapotua.

Chuma laini kilichofuliwa na mhunzi kina kaboni kidogo, isiyofikia asilimia 0.3. Hicho hupindika kabla ya kukatika, na kikipinda mno, mhunzi hukitia tena motoni na kukinyoosha.

Ipo pia aina ya tatu. Mwaka 1943, nchini Marekani, Keith Millis aligundua kwamba magnesi kidogo ikitiwa katika chuma kilichoyeyuka, kaboni hujikusanya kama vidonge badala ya magamba. Chuma hicho, ijapokuwa ni cha kusubu, hakivunjiki kwa urahisi, nacho kinafaa kwa vibanio. Taabu ni kwamba kwa macho tu hakipambanuki na kile cha kawaida. Muuzaji asiyeweza kusema bidhaa yake ni ya chuma gani haifai kuaminiwa.

Mnunuzi anaweza kufanya majaribio matatu. Kwanza, atazame kama kuna mstari wa maungo ya kalibu ubavuni. Ukiwapo, chuma ni cha kusubu. Pili, akining'inize kwa uzi na kukigonga: kilichofuliwa hulia kama kengele, na cha kusubu cha kawaida hutoa mlio mzito unaokufa upesi. Tatu, aombe kiguswe kidogo kwenye kinoo cha kuzunguka: chuma laini hurusha cheche ndefu za manjano, na cha kusubu hurusha fupi zenye wekundu.

KUAGIZA KWA MHUNZI

Penye mhunzi hodari hakuna haja ya kwenda dukani. Achukue nondo ya mviringo, laini, yenye kipenyo cha milimita 16 hadi 20. Nondo yenye mbavu haifai, kwa kuwa mbavu hizo hulitafuna tundu. Bega lipindwe kutoka katika kipande kile kile. Lisiunganishwe kwa kuchomelea, maana kiungo hicho ndicho kitakachopokea mapigo yote. Ikiwa chuma kimetokana na springi au ekseli kuukuu ya gari, kiachwe kipoe polepole. Kikizamishwa majini kingali chekundu, huwa kigumu na huvunjika kwa wepesi.

MEZA NAYO

Kibanio chema hakishiki katika meza mbovu. Ubao wa meza uwe mgumu, kama vile mvule, ambao nchini Kongo huitwa kambala, nao uwe na unene wa sentimita 6 hadi 10. Meza iliyo nyembamba igundishiwe kipande cha mti mgumu chini ya kila tundu. Tundu litobolewe wima kabisa, nalo lizidi kipenyo cha mguu kwa milimita 1 hadi 2, si zaidi. Umbali baina ya tundu na tundu usizidi mara mbili ya urefu wa mkono wa kibanio, ili pasiwe na mahali pasipofikiwa.

Kibanio kikiteleza, mguu wake usuguliwe kwa msasa kwa kuuzungusha, upate mikwaruzo ya kukwama. Usipakwe mafuta hata kidogo. Chini ya kiganja iwekwe taka ya ubao ili kazi isipate kovu.

Vibanio viwili vinatosha kwa karakana ndogo. Kabla ya kutoa fedha, fundi akumbuke kwamba kibanio kikivunjika, hasara si ya chuma peke yake. Patasi hutangulia mbele, na mbele yake huwa upo mkono wa mtu.