Rangi ya ganda la yai si dawa

Huenda umewahi kuona yai la rangi ya samawati au kijani na ukajiuliza kama limepakwa rangi au limeharibika. Halikupakwa chochote, wala halikuoza. Kuna kuku wanaotaga mayai ya aina hiyo maisha yao yote, na wapo wanaowafuga nyuma ya nyumba na kuwachanganya kwa makusudi ili wapate trei moja yenye mayai ya rangi mbalimbali.

Je, mayai haya yana nguvu kuliko yale ya kawaida? Je, yanaweza kumfaa mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu? Jibu ni la. Ili uelewe sababu, ni vyema kwanza ujue rangi hiyo hutoka wapi.

Rangi hutoka wapi?

Yai huchukua muda wa saa 24 hadi 26 kukamilika mwilini mwa kuku. Kama saa 20 kati ya hizo hutumika kutengeneza ganda. Ganda la kila yai ni chokaa, na chokaa ni nyeupe. Kuku anayetaga mayai ya kahawia hulipaka ganda rangi iitwayo protoporfirini katika saa za mwisho kabla ya kutaga. Kwa kuwa rangi hii hukaa juu, ukilivunja yai hilo utaona kwamba ganda ni jeupe kwa ndani.

Rangi ya samawati ni tofauti. Hiyo hutokana na biliverdini, ambayo pia hupatikana katika nyongo, nayo hupenya ganda lote hadi ndani. Yai la kijani nalo ni yai la samawati lililopakwa kahawia juu yake.

Urithi wa wazazi

Kuku wanaojulikana sana kwa mayai ya samawati ni Araucana, ambao asili yao ni Chile. Mnamo 1933, mtaalamu wa urithi wa Uingereza, Reginald Punnett, alieleza kwamba rangi hiyo huletwa na jeni moja yenye nguvu. Kifaranga akiirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, yatosha.

Kwa hivyo, ukimpandisha jogoo wa ukoo halisi wa samawati na kuku anayetaga mayai ya kahawia, vifaranga wote wa kike watakapokomaa watataga mayai ya kijani. Ukimtumia Marans, kuku wa Ufaransa ambaye mayai yake hukaribia rangi ya chokoleti, utapata kijani kilichokolea kama zeituni.

Jogoo hatagi, lakini nusu ya urithi hutoka kwake. Usimchague kwa uzuri wa manyoya. Hata akiwa aliangulika katika yai la samawati, huenda hakurithi jeni hiyo iwapo mamake alikuwa chotara. Utajua mabinti zake watakapoanza kutaga, wakiwa na umri wa miezi mitano au sita hivi.

Aidha, usipandishe ndugu kwa ndugu kizazi baada ya kizazi. Mayai mengi hayataanguliwa na vifaranga watakuwa dhaifu. Baadhi ya Araucana huwa na vishungi vya manyoya masikioni. Kifaranga akirithi jeni ya vishungi hivyo kutoka kwa baba na mama, hufa kabla ya kuanguliwa. Mwenye vishungi apandishwe na asiye navyo.

Ndani ni yale yale

Yai moja kubwa lina proteini kama gramu 6, kalori zipatazo 70 na kolesteroli karibu miligramu 186, liwe jeupe, la kahawia au la kijani. Kiini cha manjano nacho hutegemea chakula. Kuku anayekula majani na mahindi ya manjano hutoa kiini kilichokolea, na anayelishwa mahindi meupe hutoa kilichopauka.

Ikiwa una kisukari au shinikizo la damu, usiache dawa zako kwa sababu umeambiwa yai la kijani litakuponya. Na ikiwa una mtoto mdogo au u mjamzito, yai la bei nafuu lililopikwa vizuri litakufaa sawa na lile la bei ghali.

Jihadhari na viini

Hatari ya ufugaji huu haimo katika rangi. Imo katika kinyesi. Kuku anayeonekana mzima anaweza kubeba bakteria za salmonela, ambazo huleta homa, kuendesha na kuumwa na tumbo. Huko Marekani, watu zaidi ya 1,700 waliugua mwaka wa 2020 kutokana na kuku na vifaranga wanaofugwa nyumbani. Wanaodhurika zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu.

Kwa hivyo, zingatia haya:

• Nawa mikono kwa sabuni kila unapomgusa kuku, yai au banda.

• Usiwaruhusu watoto kuwabusu vifaranga, wala usilee vifaranga jikoni.

• Pika yai hadi ute na kiini vigande. Yai bichi si dawa ya kifua wala ya nguvu.

• Mayai yaliyokataa kuanguliwa, yawe ya mashine au ya kuku aliyeatamia, yatupwe. Yamekaa kwenye joto kwa siku hadi 21, na hayafai kuliwa wala kuuzwa.

• Ukimpa kuku dawa, usile mayai yake hadi siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe.

• Kuku wa mayai ya kahawia akianza ghafla kutaga yaliyopauka au yenye ganda laini, huenda ni mgonjwa. Mwite daktari wa mifugo.

Fuga kuku wa rangi uzipendazo, uzifurahie, hata uziuze. Lakini anayekuuliza yai la kijani latibu nini, mwambie ukweli: ni yai kama mengine.