Majarida ya ndege: Kile ambacho jalada halikumwonyesha mtoto

Oktoba 1933, mtoto wa miaka 12 katika mji wowote wa Marekani aliyekuwa na senti 10 mfukoni angeweza kununua mkate. Angeweza pia kusimama mbele ya kibanda cha magazeti, ambako majarida yalipangwa moja juu ya jingine kama kanga dukani, akachagua jipya lenye ndege za kivita kwenye jalada. Jarida hilo liliitwa G-8 and His Battle Aces.

Ulikuwa wakati mgumu. Uchumi ulikuwa umeanguka, na karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini humo hakuwa na kazi. Hata hivyo senti 10 zilipatikana. Ndani ya toleo hilo la kwanza kulikuwa na rubani mpelelezi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, rafiki zake wawili waitwao Nippy na Bull, na popo wakubwa ajabu waliotoa pumzi ya sumu. Mtu mzima angecheka. Mtoto hakucheka, alirudi mwezi uliofuata kununua jingine. Robert J. Hogan aliandika hadithi za G-8 hadi Juni 1944, matoleo 110.

Wazazi na walimu wengi hawakuyapenda majarida ya aina hii. Waliyaita takataka, waliyanyang'anya, nayo yakahamia chini ya godoro. Mzazi wa leo anayefungua mlango usiku na kumkuta mwanawe amejifunika shuka, uso umeangazwa na simu, anaijua hali hiyo. Wakati ule mwanga ulikuwa wa tochi.

Lakini ukiyatazama sasa, zaidi ya miaka 80 baadaye, popo wa sumu ndio wa kuhofiwa kidogo kuliko vyote. Kila mtoto alijua hawapo. Yale yaliyofanana na kweli ndiyo yaliyokuwa na kazi kubwa zaidi, na mengi yalikuwa kwenye jalada.

Karatasi duni, jalada la kung'aa

Majarida hayo yalichapwa kwenye karatasi ya bei ya chini iliyotengenezwa kwa rojo la mbao. Ilikuwa nene, ya kukwaruza, na baada ya miaka michache iligeuka kahawia na kumeguka mkononi kama jani kavu. Waandishi wengi walilipwa karibu senti moja kwa neno, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kumaliza pambano.

Ndege ziliingia kwa kishindo baada ya Mei 1927, Mmarekani Charles Lindbergh aliporuka peke yake kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu. Mwaka huohuo kampuni ya Fiction House ilitoa Air Stories. Mwaka uliofuata yakaja Wings, War Birds na Flying Aces, kisha Battle Aces, Dare-Devil Aces, Sky Fighters na mengine mengi. Uingereza nayo ikawa na yake.

Fedha iliyobanwa kwenye kurasa za ndani ilitumika nje. Jalada lilikuwa la karatasi laini inayong'aa, na picha yake ilianza kama mchoro halisi wa rangi za mafuta kwenye turubai. Mchoraji aliacha anga tupu juu ili jina la jarida likae hapo. Kilichobaki alikijaza mpaka pembeni: nyekundu, manjano, moshi mweusi. Alijua picha yake itashindana na nyingine nyingi ukutani, na kwamba mtoto aliyesimama pale ataamua kwa sekunde chache tu.

Katika majarida ya Popular Publications, aliyetawala kazi hiyo alikuwa Frederick Blakeslee. Sifa yake ilikuwa usahihi. Ndege zake za mabawa mawili hazikuwa za kubuni, bali Camel ilikuwa Camel, Spad ilikuwa Spad na Fokker ilikuwa Fokker, hadi kamba za kushikilia mabawa na alama za ubavuni. Watoto ambao walisahau hesabu za darasani waliweza kutaja aina ya ndege kwa kuona mkia wake. Kwenye baadhi ya majarida hayo mchoraji alipewa hata nafasi ndani ya kueleza tukio alilolichora, kana kwamba ni mwalimu wa historia.

Mtazamo nao ulikuwa wa ujanja. Mtazamaji hawekwi ardhini akiangalia juu, anawekwa angani, karibu na bawa, karibu kiasi cha kuona miwani ya rubani na skafu yake ikipepea. Risasi zinaruka kama ushanga wa moto. Anayeanguka mara nyingi yuko mbali, ni moshi na bawa lililovunjika, na sura yake haionekani.

Mafuta ya nyonyo, baridi na moto

Skafu ile ya hariri haikuwa urembo. Rubani wa mwaka 1917 aligeuza shingo bila kupumzika kumtafuta adui nyuma yake, na kola ya koti la ngozi ingemchubua. Hariri ilizuia michubuko. Pia ilimfaa kufutia miwani, kwa sababu injini nyingi za wakati huo, ikiwemo ya Camel, zilizunguka zenyewe pamoja na pangaboi na kurusha nje mafuta yaliyotumika kuzilainisha.

Mafuta hayo yalikuwa ya nyonyo, yaleyale ambayo bibi wengi wamewahi kumnywesha mjukuu aliyefunga choo. Rubani aliyavuta kwa pua na kuyameza kama ukungu kwa saa nzima au zaidi. Matokeo yake tumboni hayahitaji maelezo. Hakuna jalada lililomchora shujaa akikimbilia chooni baada ya kutua.

Baridi pia haikuchorwa. Camel iliweza kupanda hadi karibu mita 5,800, si mbali na urefu wa kilele cha Kilimanjaro, na aliyewahi kusindikiza wageni huko anajua kichwa kinavyouma na akili inavyokuwa nzito. Katika kimo hicho mwili hupata takriban nusu ya oksijeni inayopatikana ufukweni. Mpanda mlima huchukua siku kadhaa kuuzoesha mwili. Rubani alifika kwa chini ya saa moja, akiwa ameketi mahali pasipo na paa, mara nyingi bila oksijeni ya ziada, na akatakiwa kulenga shabaha.

Kisha moto. Tangi la petroli lilikaa karibu na mwili wa rubani, na ndege ilikuwa mbao na kitambaa kilichopakwa dawa inayoshika moto upesi. Parachuti zilikuwepo. Waangalizi waliokaa kwenye kapu chini ya maputo ya kijeshi walipewa. Marubani wa ndege wa Uingereza hawakupewa mpaka vita vikaisha, ilhali Wajerumani walianza kuzitumia mwaka 1918. Ndege iliyowaka ilimpa Mwingereza njia mbili, kukaa au kuruka, na zote zilikuwa na mwisho mmoja. Kwenye jalada, ndege inayowaka ndiyo rangi nzuri kuliko zote.

Hata ndege nyekundu iliyorudiwarudiwa kwenye picha hizo ilikuwa na mwenyewe. Manfred von Richthofen wa Ujerumani alihesabiwa kuangusha ndege 80. Alipouawa Aprili 1918 alikuwa na miaka 25.

Kijana ambaye mikono haikutulia

Kulikuwa na mwandishi mmoja aliyeyajua haya kwa mwili wake. W. E. Johns, Mwingereza, alipigana Gallipoli, kisha akapelekwa Ugiriki kaskazini, alikougua malaria. Baadaye akawa rubani wa ndege za mabomu. Septemba 16, 1918 aliangushwa, mwenzake aliyekaa nyuma akafa, yeye akachukuliwa mateka.

Mwaka 1932 Johns akawa mhariri wa jarida la Popular Flying mjini London. Alikuwa pia mchoraji wa ndege. Humo ndimo alimleta rubani wa kubuni aitwaye Biggles, ambaye baadaye vitabu vyake vilienea mpaka kwenye maktaba za shule za makoloni ya Uingereza. Wengi wanamkumbuka kama shujaa asiyetikisika.

Biggles wa kwanza hakuwa hivyo. Ni kijana mwembamba ambaye bado hajafikisha miaka 20, macho hayatulii, mikono midogo inashikashika shingo bila yeye kujua. Kadiri hadithi zinavyoendelea anakunywa whisky asubuhi, na wakubwa wake wanaona kwamba asipopumzishwa ataharibikiwa. Leo daktari angeuliza kuhusu usingizi, ndoto mbaya na pombe, na angejua anatafuta nini. Johns hakuwa daktari. Aliandika alichokiona kwa wenzake.

Mtoto mwenye miaka 12 mwaka 1933 alifikisha 20 mwaka 1941, vita vingine vikiwa vimeanza. Si jarida lililoanzisha vita hivyo, na haiwezekani kumhesabu aliyejiunga kwa sababu ya picha. Lakini waliopanda ndege walikuwa wa rika lilelile lililosoma majarida hayo. Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza peke yake walipita takriban watu 125,000 wa kurusha na kuhudumu angani. Waliokufa ni 55,573.

Afrika Mashariki ilikuwa njia ya baadhi yao. Roald Dahl, ambaye watoto wengi wanamfahamu kwa hadithi zake, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam vita vilipoanza. Mwishoni mwa 1939 aliendesha gari hadi Nairobi akajifunza kurusha ndege pamoja na vijana wengine 15. Baadaye aliandika kwamba 13 kati ya hao 16 waliuawa ndani ya miaka miwili. Yeye mwenyewe alipata ajali jangwani Misri Septemba 1940, alipolazimika kutua giza likiingia. Fuvu lilipasuka, akawa haoni kwa wiki kadhaa. Mwaka 1942 jarida la Saturday Evening Post la Marekani lilipochapa simulizi yake, kichwa cha habari kilisema alidunguliwa. Ajali ya kupotea njia haiuzi kama risasi.

Vita viliponoga karatasi ikaadimika, watoto wakahamia kwenye vikatuni, na majarida ya ndege yakafa moja baada ya jingine. Turubai nyingi zilizochorwa kwa ajili ya majalada zilikuwa zimeshatupwa, kwa kuwa baada ya kuchapwa hakuna aliyeona zina kazi tena. Zilizosalia sasa zinatafutwa na wakusanyaji.

Hadithi za Biggles ziliendelea kuchapwa. Miaka ya 1950, zilipotolewa upya kwa wasomaji wadogo, watu wazima walizipitia kuona kipi hakifai watoto. Katika hadithi moja ya mwaka 1932, marubani wanashindania kuangusha puto la adui, lile lenye mwangalizi anayening'inia kwenye kapu, na zawadi ya mshindi ni kreti ya whisky.

Zawadi ikabadilishwa kuwa kreti ya soda ya limau. Puto liliachwa liwake.